Bunduki ikilala nyumbani, anayejibu ni nani?

Mapema mwaka 2024, mahakama ya Michigan nchini Marekani iliwatia hatiani James na Jennifer Crumbley, kila mmoja kwa kesi yake, kwa kosa la kuua bila kukusudia. Hawakumpiga mtu risasi. Mtoto wao wa miaka 15 ndiye aliyeingia na bastola katika shule ya sekondari ya Oxford tarehe 30 Novemba 2021 na kuua wanafunzi wanne. Baba ndiye aliyeinunua, siku nne kabla. Asubuhi ya siku ile wazazi waliitwa shuleni kwa sababu ya mchoro wa bunduki na maneno ya kukata tamaa ambayo kijana aliyaandika kwenye karatasi ya hesabu. Waliondoka bila kwenda naye, na hakuna aliyefungua begi lake. Kufuli la waya lililouzwa pamoja na bastola lilikutwa bado kwenye pakiti. Aprili 2024 kila mmoja alihukumiwa kifungo cha kati ya miaka 10 na 15.

Ilikuwa mara ya kwanza Marekani kwa wazazi kutiwa hatiani namna hiyo kwa mauaji ya halaiki yaliyofanywa na mtoto wao shuleni. Habari ilipofika huku kwetu, wengi waliipokea kwa kauli moja: wazazi wabebe mzigo wao, na sisi tuwe na sheria ya hivyo. Hasira hiyo naielewa. Ila nikiitazama kutoka Dodoma, naona tumeshika neno lisilo letu. Tunasema "mzazi" wakati katika nyumba nyingi za mikoa hii ya kati mwenye bunduki si mzazi wa mtoto atakayeigusa.

Hesabu watu wanaolala kwenye nyumba moja ya kupanga Chang'ombe au Nkuhungu. Chumba cha mbele kuna mlinzi wa kampuni binafsi anayetoka lindo alfajiri. Cha pili kuna kijana wa bodaboda na mkewe. Uani kuna bibi analea wajukuu watatu ambao mama yao yuko Dar es Salaam anatafuta maisha. Ukienda Kisasa au Iyumbu, kwenye nyumba za geti, sura inabadilika ila mpangilio ni uleule: mwenye nyumba ana bastola yenye leseni, yuko safarini nusu ya mwezi, na wanaobaki ni mke, dada wa kazi, mpwa aliyekuja kusoma chuo, na watoto wa jirani wanaokuja kuangalia katuni. Sasa mtoto wa jirani akivuta droo ya kabati na kukuta alichokikuta, tumshike mzazi yupi? Mama yake, ambaye hajui kabisa kwamba nyumba ile ina silaha?

Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mzazi wajibu wa kumlinda mtoto dhidi ya hatari, na ni sawa. Lakini mzazi hawezi kumlinda mtoto dhidi ya kitu asichokijua, kilicho chini ya godoro la mtu mwingine. Wajibu wa bunduki uende na bunduki. Ukikubali silaha iandikwe kwa jina lako, umekubali pia kujibu kwa kila mkono utakaoifikia wakati wewe haupo, mkono wa mwanao au wa mtu baki.

Wala sidhani jambo hili ni geni kwenye vitabu vyetu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina kifungu kinachomtaka kila mwenye kitu cha hatari mikononi mwake, kiwe hai au kisiwe hai, awe na uangalifu wa kutosha ili kisihatarishe maisha ya mtu. Akipuuza, matokeo yanahesabiwa kuwa yake. Kifungu hicho hakiulizi kama aliyeumia ni mwanao. Sheria hiyohiyo inasema mtoto wa chini ya miaka 10 hawezi kuwajibika kwa jinai, na aliye chini ya miaka 12 hawajibiki mpaka ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kutambua kuwa anachofanya ni kosa. Kwa hiyo mtoto wa miaka tisa akifyatua bunduki, mbele ya sheria amebaki mtu mzima peke yake, yule aliyeiacha pale.

Hata Michigan yenyewe, ukiacha kelele za kesi na kusoma sheria yao ya utunzaji wa silaha iliyoanza kutumika Februari 2024, neno linalobeba uzito si mzazi. Inamhusu yeyote anayeacha silaha bila uangalizi kwenye eneo lililo chini yake huku akijua, au akitakiwa kujua, kwamba mtoto yupo au anaweza kuwepo. Anatakiwa aifungie. Walioandika sheria ile walielewa jambo ambalo vichwa vya habari vililiacha nyuma.

Tofauti yetu na wao iko kwingine, na ndiyo inayonifanya nione kwamba kuiga kesi ya Crumbley ni kuanzia mwisho. Marekani ina silaha nyingi kuliko raia. Makadirio ya Small Arms Survey, watafiti wa silaha duniani, kwa mwaka 2017 yalikuwa silaha 120 kwa kila watu 100. Sisi hatufiki moja kwa kila watu 100. Kule, sehemu nyingi, mtu mzima ananunua bunduki dukani bila leseni ya kuimiliki, na serikali haijui iko nyumba gani. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu yao, katika shauri la Heller, ilitengua hata sharti la jiji la Washington kwamba bunduki nyumbani ikae imefunguliwa vipande au imefungwa kufuli kwenye kifyatulio. Majimbo yamekuwa yakijaribu njia za pembeni, Florida ikiwa ya kwanza mwaka 1989 kwa sheria inayomwajibisha mtu mzima mtoto akifikia silaha yake. Uchambuzi wa taasisi ya RAND unaonyesha sheria za namna hiyo zinapunguza vijana kujiua na watoto kujeruhiwa kwa ajali. Lakini zinafanya kazi kama kengele inayolia baada ya mwizi kuondoka: mara nyingi hakuna aliyepita kuangalia kabla ya maafa.

Sisi tuna mlango wa kuingilia kabla. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, iliyopitishwa na Bunge lililo hapahapa mjini kwetu, hakuna raia anayemiliki bunduki kihalali bila leseni. Maombi yanaanzia serikali ya mtaa au kijiji, yanapanda kwenye kamati za ulinzi na usalama na kwa polisi wa wilaya na mkoa, hadi kwa msajili wa silaha. Ni mchujo mrefu, na waombaji wanaulalamikia. Ukiutazama vizuri, karibu wote unamchunguza mtu: ana kesi, ana akili timamu, ana ugomvi na jirani, anataka silaha ya nini. Swali la nyumba linakuja kwa unyonge mno. Kama unamfahamu mtu mwenye leseni, muulize ni lini mara ya mwisho askari aliingia sebuleni kwake akasema, "Mzee, naomba nione inakokaa."

Swali hilo dogo, likiulizwa kabla ya leseni kutoka na likarudiwa kila inapohuishwa, lingefanya kazi kubwa kuliko kesi kumi za kufunga wazazi. Na watu wa kuliuliza wapo. Jeshi la Polisi limepeleka wakaguzi kwenye kata, na mkaguzi wa kata ya Ipagala au Hombolo anaweza kujua kwa mwezi mmoja nani ana nini na kimefungiwa wapi. Tanzania pia ni miongoni mwa nchi zilizosaini Itifaki ya Nairobi ya 2004 kuhusu silaha ndogo, ambayo inazitaka nchi kuweka kwenye sheria zao utunzaji salama wa silaha. Tulishakubali zamani. Kilichobaki ni miguu ya kupita nyumba kwa nyumba.

Mkaguzi huyo aangalie nini? Wengi watajibu haraka: sefu. Tuwe waangalifu hapo. Tarehe 3 Mei 2023, mtoto wa miaka 13 aliingia na bastola mbili za baba yake katika shule ya Vladislav Ribnikar mjini Belgrade, Serbia, akaua watoto tisa na mlinzi. Baba alikuwa na leseni. Silaha zilikuwa kwenye sefu. Mtoto aliijua namba ya kufungulia, na baba alikuwa amempeleka kwenye viwanja vya shabaha akamfundisha kulenga. Desemba 2024, katika hukumu ya kwanza, baba alipewa miaka 14 na nusu, mama miaka mitatu. Ukienda na fomu ya kuweka tiki, nyumba ile ingepita: leseni ipo, sefu ipo, asante, tutaonana mwakani. Sefu ni chuma tu. Ulinzi uko kwa anayejua namba.

Hapa ndipo linapoingia lile jibu ninalolisikia kila mara: "Wanangu nawajua, nimewakataza, hawagusi." Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwahoji wazazi na watoto wao wa miaka 5 hadi 14 vijijini Alabama, kila mmoja kivyake. Katika wazazi waliosema watoto wao hawajui bunduki inakokaa, asilimia 39 walikanushwa na watoto wao wenyewe. Katika waliosema mtoto hajawahi kuishika, asilimia 22 walikanushwa vilevile. Alabama ni mbali, najua. Ila mtoto anayejua mama anaficha sukari wapi, anajua pesa ya vikoba iko kwenye kopo gani, na anajua nywila ya simu ya baba kabla ya mama kuijua, yuko kila mahali duniani.

Kuna pingamizi moja ambalo silidharau. Mfanyabiashara wa mahindi Kibaigwa, anayeuza magunia mchana na kurudi nyumbani jioni na fedha taslimu, atakuambia bunduki iliyofungiwa ni chuma chakavu. Jambazi hapigi hodi akasubiri utafute ufunguo. Ana hoja, na mtu anayemwambia aifungie tu hajawahi kusikia mlango ukivunjwa kwa fatuma, lile jiwe kubwa la majambazi, saa nane usiku. Lakini angalia anachokidai hasa. Anadai haki ya kuwa na silaha karibu wakati yeye mwenyewe yupo, yu macho au analala chumba hichohicho. Sharti la kufungia halimgusi hapo. Linamgusa saa nne asubuhi, yeye yuko sokoni anabishana bei na madalali, na bastola iko chini ya mto nyumbani, risasi ndani, mlango wa chumba umerudishiwa tu. Ikiwa iko kiunoni mwake, iko chini ya uangalizi wake. Ikitoka kiunoni, iingie kwenye chuma. Hakuna saa ya katikati. Mafundi wa kuchomelea wanaotengeneza mageti kila kona ya mji huu wanaweza kuunda kasha la chuma la kufungwa ukutani kwa boliti, na mtu aliyemudu bei ya bastola na gharama za leseni hashindwi kulilipia.

Kuhusu walinzi wa makampuni nisiseme mengi. Shotigani ya kampuni ni mali ya kampuni, irudi ghalani zamu ikiisha, isipande bodaboda kwenda chumba cha kupanga. Kampuni ikiruhusu, leseni ya kampuni ndiyo iguswe kwanza.

Mpaka hapa nimezungumzia silaha zenye karatasi. Ugumu wenyewe wa kanda hii uko kwenye gobore.

Ukitoka Manyoni kuelekea vijiji vinavyopakana na mapori ya akiba ya Kizigo na Muhesi, au ukienda Kondoa kwenye maeneo ya Swagaswaga na Mkungunero, shamba la mtama haliachwi peke yake kuanzia masuke yanapotoka. Mchana watoto wanaamia ndege, wako juu ya dungu au chini ya mti na kombeo mkononi. Usiku watu wazima wanalinda nguruwe pori, na mwaka mbaya wanalinda tembo. Serikali ina utaratibu wa kifuta jasho kwa mazao yaliyoliwa na wanyama wakali na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa, na wakulima wenyewe watakueleza tofauti ya kuahidiwa na kulipwa. Katikati ya hayo, kuna nyumba ambazo babu aliacha gobore, na gobore limebaki.

Sasa gobore lina tabia moja ambayo watu wa mjini wanaopanga sera hawaijui. Linashindiliwa baruti na vyuma kupitia mdomoni, na likishashindiliwa halina namna rahisi ya kulipunguza. Huwezi kuchomoa magazini ukaweka mfukoni kama bastola. Njia ya kawaida ya kulitoa mzigo ni kulipiga. Kwa hiyo usiku nguruwe wasipokuja, asubuhi linarudi nyumbani vilevile, limejaa, linaegeshwa kwenye pembe ya nyumba au kuchomekwa kwenye paa. Mtoto wa miaka saba aliyemwona babu akilipangusa anajua lilipo. Sharti la kuhifadhi silaha ikiwa haina risasi, ambalo limo kwenye sheria nyingi za utunzaji duniani, halitekelezeki kwa chombo hiki.

Na babu huyo hana leseni, kwa hiyo hakuna mkaguzi atakayemuuliza linakaa wapi. Akikamatwa nalo, kosa lake chini ya sheria ya 2015 hufunguliwa kama shauri la uhujumu uchumi, na tangu marekebisho ya 2016 kifungo kwa makosa ya kundi hilo ni kati ya miaka 20 na 30. Sibishani na ukali huo kwa majangili. Tembo wa ukanda wa Ruaha walipungua sana kwa sababu ya risasi. Lakini fikiria mjukuu wa babu yule amejipiga pajani. Damu inatoka. Kituo cha afya kiko mbali, na majeruhi wa silaha anadaiwa PF3, fomu ya majeruhi inayotolewa na polisi. Familia inakaa kikao cha dakika tano gizani: tukimpeleka, tutasema nini? Mjomba anapendekeza waseme ameanguka kwenye mti uliokatwa. Mwingine anasema aletwe mganga kwanza. Kila dakika ya kikao hicho imetokana na ile miaka 20.

Ndiyo maana kuongeza adhabu kwa wazazi kunanitia wasiwasi kuliko kunipa matumaini. Adhabu inafanya kazi kwa mtu anayeamini tukio litajulikana. Vijijini kwetu kifo cha mtoto kwa bunduki ya nyumbani kina kila sababu ya kutojulikana: ni aibu, ni msiba, ni mapenzi ya Mungu, na aliyesababisha ni mtu ambaye ukoo wote unamtegemea. Mwenyekiti wa kitongoji naye ni shemeji. Unataka nani akatoe taarifa?

Wapo watakaosema basi tusiwaguse waliofiwa, wamekwisha adhibiwa na kaburi. Siendi nao mpaka mwisho. Ukiacha bastola yenye risasi mahali ambapo mtoto wa dada wa kazi anafagia, na mtoto akafa, machozi yako hayafuti haki ya mama yake. Kipimo kingekuwa nini? Kwangu ni kama mtu alikuwa na njia ya kufungia na hakufungia. Mwenye leseni alifundishwa, alikaguliwa, ana kasha: akiacha wazi, ajibu mahakamani hata kama aliyekufa ni mwanae wa kumzaa, na leseni isirudi kwake maisha yake yote. Babu wa Kizigo asiyewahi kupewa njia yoyote ya kuwa salama yuko mahali tofauti, na sheria inayowaweka hawa wawili kizimba kimoja huku ikimpa adhabu kubwa yule wa pili imepindia upande usio wake.

Kwa magobore, serikali imeshatangaza mara kadhaa vipindi vya msamaha, watu wasalimishe silaha kwa hiari bila kushtakiwa. Vipindi hivyo vina mwanzo na mwisho, tangazo linasomwa redioni, halafu mlango unafungwa. Mzee asiyekuwa na redio, au aliyekuwa na redio lakini shamba lake lilikuwa linaliwa na nguruwe mwezi uleule, anabaki na gobore na hofu mpya juu yake. Ningependa mlango huo usifungwe: ofisi ya mtendaji wa kijiji ipokee gobore siku yoyote ya mwaka, kwa maandishi, bila kuuliza lilitoka wapi. Na vijiji vinavyopakana na mapori vipewe kwanza askari wa wanyamapori anayefika usiku akipigiwa simu, maana mkulima ukimwambia aache gobore na mtama wake umwachie nguruwe, atakuitikia vizuri sana, atakukaribisha uji, na gobore litahamia kwa shemeji.

Wabunge wanaokaa vikao vyao hapa Dodoma wanaweza kuanza na jambo jepesi zaidi kabla ya kufika huko. Sheria ya 2015 ina kanuni zake, na kanuni hurekebishwa na waziri bila kusubiri muswada. Iongezwe moja: leseni isitolewe wala kuhuishwa mpaka mkaguzi wa kata aandike kwa mkono wake silaha inakaa wapi, imefungwa kwa nini, na ni watu wazima wangapi wana ufunguo. Jibu la swali la mwisho likizidi mtu mmoja, aandike na majina yao.